Waya wa Mwalimu na Ndege ya Mafuta ya Taa

Afisa aliyesoma hotuba ya kuniaga aliniita Kimeu mara tatu. Mimi ni Kioko. Alisema nimeitumikia bandari kwa uaminifu mkubwa, mtu akamnong'oneza kwamba huku kwetu hakuna bahari, ni kiwanja cha ndege cha udongo, naye akaitikia kwa kichwa na kusema ndiyo, bandari hiyo hiyo. Kisha wakanikabidhi blanketi zito. Mnalijua joto la Makindu. Blanketi lile sasa limefunika tangi la maji, na maji hayajawahi kulala vizuri namna hii.

Ninyi wawili mliobaki pale kiwanjani mliniomba niwaandikie jinsi mtu anavyojifunza kurusha ndege ndogo za turbini bila kuua mtu. Mlitaka ukurasa mmoja. Poleni. Mimi ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, na sioni kwa nini ninyi mpate nafuu. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana nilistaafu na cheo kile kile nilichoanza nacho, isipokuwa kofia ilibadilishwa rangi.

Nilianza Kitui katika miaka ya sitini, bendera yetu ikiwa bado haijapauka hata kidogo. Siku ya kwanza nilipewa slasha, filimbi, na buti mbili, zote za mguu wa kulia. Nyapara alinieleza kazi yangu: kukata nyasi, kufukuza mbuzi, na kuitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa mlingotini. Kuhusu ndege hakusema neno, na baada ya miezi mitatu nikaelewa sababu. Ilikuwa haijatua hata moja. Nilikuwa nafukuza mbuzi wasigongwe na ndege ambazo hazikuwapo, na niliifanya kazi hiyo kwa bidii sana, kwa filimbi, nikichechemea.

Lakini kuna kitu Kitui ilinipa, nacho sikukijua thamani yake wakati ule. Ukikaa na soksi ya upepo miaka kadhaa bila mtu wa kuzungumza naye, unaanza kuujua upepo kama unavyomjua jirani mgomvi. Unajua anaamka saa ngapi, anatokea upande gani, na siku gani amenyamaza kwa sababu anapanga jambo. Mkitaka kurusha chochote, anzeni hapo. Kaeni chini ya mlingoti nusu siku bila kugusa kitu. Najua hamtakaa.

Miaka ya sabini nikahamishiwa upande wa Makueni, kwenye kiwanja hiki chetu nje ya Makindu. Hapa ndege zilitua, angalau mara moja moja: ndege ya daktari, ndege ya kupulizia nzige, na siku moja mwanasiasa aliyekosea kiwanja, akahutubia mbuzi wangu kwa dakika kumi kabla ya kuambiwa. Nilikuwa nimeshazoea amani hiyo alipokuja Fundi Jaswant.

Jaswant alikuwa na gereji pale mjini. Alizaliwa Makindu, baba yake alikuwa fundi wa reli, na Kikamba chake kilikuwa kisafi kuliko changu, jambo alilonikumbusha kila alipopata nafasi. Alikuja Jumamosi moja akiwa na sanduku refu na barua. Barua ilisema idara imeruhusu yeye na wenzake kurusha ndege za mfano kila Jumamosi, mradi mfanyakazi wa kiwanja asimamie usalama. Mfanyakazi wa kiwanja nilikuwa mimi. Usalama wenyewe ni kitu gani, barua haikueleza.

Sandukuni mlikuwa na ndege ya mbao nyepesi, mabawa ya urefu wa kitanda, na injini yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilicheka. Mtu mzima, mwenye ndevu na gereji, anacheza na kidude! Aliiwasha kwa kuzungusha panga boi kwa kidole, nami nikanyoosha mkono nionyeshe mahali palipolegea. Panga boi likanichana kidole hadi karibu na mfupa.

"Hilo ni somo la kwanza," Jaswant akasema, akinifunga kitambaa. "La pili utakuja Jumamosi ijayo."

Somo la pili halikuwa na ndege wala injini. Alinipa kipande cha mbao alichokichonga mfano wa ndege, akakipigilia kwenye fimbo, akaniambia nikizungushe kiwanjani kwa miguu huku nikitaja kila kona kwa sauti. Kushoto, kulia, kushoto, tua. Nilidhani ni matani. Nilitembea na mbao ile Jumamosi nne mfululizo.

"Kioko, ndege ikienda mbele yako, kulia ni wapi?"

"Kulia, Fundi."

"Sasa imegeuka, inakuja kwako. Kulia ni wapi?"

"Si ni kulia tu, Fundi?"

"Umeua ndege. Rudi kwa mstari."

Hapo ndipo kila mtu hufia. Ndege ikiwa inakwenda, mkono wako na bawa lake vinakubaliana. Ikirudi, kila kitu kinapinduka: ukiipeleka kulia, wewe unaiona inakwenda kushoto, nawe unazidi kuivuta upande usiofaa mpaka inakwenda arijojo na kuingia kwenye miba. Kichwa kinaelewa kwa dakika moja. Vidole vinaelewa kwa mwaka.

Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini-mashariki, alikuwa akipitisha mifugo kando ya kiwanja kila mwezi. Alinikuta nikitembea na fimbo yangu nikisema kushoto, kulia, tua. Akasimamisha ng'ombe wote.

"Mzee, hii kitu ilikushika lini?"

"Hii ni kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya serikali."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, ndugu yangu. Mungu atakuondolea."

Wiki iliyofuata mke wangu alimleta mchungaji wa kanisa letu. Akaniombea kwa muda mrefu, mkono juu ya kichwa changu, na alipomaliza akaomba ajaribu mbao ile mara moja. Naye aliua ndege.

Kutokana na mbao hiyo Jaswant alitunga mtihani ambao ulikuja kuwa mila ya kiwanja chetu. Kabla mtu hajagusa rimoti, mwenzake anakwenda hadi upande wa pili wa kiwanja na kuinua ile ndege ya fimbo, mara pua ikielekea kwetu, mara mkia. Rubani anasimama kwenye mstari na kusema inakuja au inaenda. Mara tano. Ukikosa moja, siku hiyo unakunywa chai na kutazama wenzako. Hakuna kubembeleza, hakuna "nilikuwa nimepigwa na jua." Walikuja watu wakubwa kutoka Nairobi, na magari ya kung'aa, wakakosa mara mbili kati ya tano, wakanywa chai. Jaswant mwenyewe aliwamiminia.

Ilinichukua miaka miwili kurusha ndege peke yangu, na mingine mingi kabla ya mtu kuniita mwalimu. Chombo chetu kikuu cha kufundishia kilikuwa waya. Rimoti mbili zinaunganishwa kwa waya mmoja, moja ya mwanafunzi, nyingine ya mwalimu. Mwalimu akiwa amebana swichi kwa kidole gumba, mwanafunzi ndiye anayerusha. Mwalimu akiachia kidole, ndege inarudi mikononi mwake papo hapo. Ni chombo kizuri. Kimeokoa ndege nyingi na kimeharibu tabia yangu, kama mtakavyoona.

Jaswant alipenda kuzima injini yako angani bila kukuambia, halafu anajimiminia chai. Alitaka ujue kutua bila nguvu, kwa upepo na akili tu, kwa sababu siku injini itakapozima yenyewe haitakuuliza kama uko tayari. Alitupa pia ubao wa vibanio vya nguo. Kila masafa ya redio yalikuwa na kibanio chake, na bila kibanio mkononi huwashi rimoti. Mkiwasha wawili masafa yale yale, ndege iliyo angani inasikiliza mabwana wawili, na ninyi mliooa mnajua mwisho wa hadithi hiyo. Mhandisi mmoja alidharau vibanio, akasema ni mambo ya dobi. Aliizika ndege ya mwenzake mita moja ardhini na akarudi Nairobi bila kuaga.

Miaka ya themanini akaja Mwalimu Ndinda. Alikuwa mwanamke aliyefundisha fizikia huko Matiliku, akaleta darasa lake lione, na wanafunzi walipochoka wakaketi, yeye alibaki amesimama. Alipata tano kati ya tano siku ya kwanza. Nilimwambia amebahatisha, akapata tano tena, nikanyamaza. Alipita hatua zote bila kuruka moja: ndege ya mafunzo yenye bawa juu, ile ya kasi yenye bawa chini, ile yenye feni ndani ya tumbo. Kila hatua mwaka, wakati mwingine miwili. Wanaume waliokuja baada yake walikuwa wakiniuliza kama hakuna njia ya mkato. Niliwaonyesha ilipo, na mara nyingi tulikuwa tukiokota vipande vyake hadi jioni.

Miaka ya tisini ndipo turbini ikatufikia. Aliyeileta wa kwanza ni daktari wa meno kutoka Nairobi, mtu mwenye pesa na haraka. Alikuwa amerusha ndege za kawaida miezi minane. Nilimweleza kwamba kitu kile ni jeti kweli, si mchezo: unakipulizia hewa kianze kuzunguka, unakipa gesi iwake, kikishika kasi unakiletea mafuta ya taa, haya haya ya kibatari chenu, na unaangalia joto lake kama muuguzi. Kikikataa kuwaka usirudie mara moja. Inua pua, mafuta yaliyolala ndani yamwagike nje kupitia mkia, la sivyo jaribio la pili litakuunguza nyusi. Na mtu asimame karibu na mtungi wa kuzima moto ukiwa mkononi, si kwenye buti ya gari.

"Nimesoma yote hayo," daktari akasema.

"Na kuhusu kuchelewa?"

"Kuchelewa gani? Tumefika saa tatu."

Kuchelewa ni hivi. Injini ya panga boi ukiiongezea moto inajibu hapo hapo. Turbini inafikiria kwanza. Sisi tulihesabu kwa sauti: Kitui, Makueni, Machakos. Ukifika Machakos ndipo nguvu inakuja. Tena haina panga boi la kuivuta nyuma, kwa hiyo ukipunguza moto haipungui mwendo, inateleza tu na kuteleza kama mgeni asiyetaka kuondoka. Anayerusha jeti hafanyi mambo ya sasa, anafanya mambo ya baadaye. Daktari alikuja kutua akiwa na mwendo mkubwa, akapunguza, haikupungua, akaogopa akaongeza, haikuongezeka, na ilipofika Machakos ilikuwa tayari imeangalia chini.

Ilianguka kwenye nyasi kavu za mwezi wa tisa. Lita tatu za mafuta ya taa. Tulipigana na moto ule kwa magunia na matawi na jembe, Ndinda akiwa na kitambaa usoni, Jaswant akikohoa, na ulizimika hatua chache kutoka boma la mama mmoja aliyekuwa ndani amelala na mtoto mchanga. Niliwaona wote wawili wakitoka mlangoni, mama anasugua macho. Sijawahi kuogopa vile maishani. Daktari alisema kwa bahati nzuri ndege ilikuwa na bima.

Jaswant alimwendea polepole. "Daktari, wewe hukuleta ndege hapa. Ulileta moto wenye mabawa." Tangu siku hiyo akatuandikia sheria za jeti: nyasi zifyekwe na kulimwa pande zote, mapipa ya maji yajazwe, watu wakae nyuma ya kamba, kila rubani apite mtihani wa mbao kila mara, na kila jeti mpya irushwe kwa waya mara kumi kwanza. Aliandika kwa mkono wake, nami nikazigongomelea kwenye ukuta wa stoo.

Kisha akaenda kujenga jeti yake. Ilimchukua miaka mitatu, usiku na mchana gerejini, mpaka mkewe akasema kama yeye angekuwa ndege angemwona mumewe zaidi. Ilikuwa nyeupe yote, na sikuwahi kuona kazi safi vile. Alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Ndege ile ndiyo kitu alichokuwa amekitaka tangu utotoni, akitazama zile kubwa zikipita juu ya reli, na alituambia hivyo bila haya.

Tulianza zile safari kumi. Yeye rimoti ya mwanafunzi, mimi ya mwalimu, Ndinda na mtungi wa moto. Na sasa niwaulize swali: ni nani angemwambia mtu aliyeutunga mtihani wa mbao asimame kwenye mstari aufanye? Hakuna. Mzee ni mzee. Ingekuwa kama kumwomba mchungaji asome Baba Yetu tuone kama anaijua. Kwa hiyo hatukumwuliza, na tukaliita jambo hilo heshima.

Safari tatu za kwanza zilikuwa nzuri. Ya nne, kwenye kona ya mwisho, ndege ilikuwa inakuja na yeye akaigeuza kama inaenda. Bawa likaanza kuzama. Niliachia kidole, nikaichukua, nikainyoosha, nikatua. Yeye aliendelea kusogeza vijiti vyake mpaka magurudumu yakasimama. Kwa sababu jeti hujibu kwa kuchelewa, hakuona tofauti. Alidhani imemtii baadaye kidogo, kama kawaida yake.

Akainua rimoti juu. "Mmeona?" akasema. "Mmeona vile imeshuka?"

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Nikasema, "Tumeona, Fundi. Nesa muno, vizuri sana."

Nilijiambia ni jua. Safari ya tano nikajiambia ni vumbi. Ya sita sikujiambia kitu, niliachia kidole mapema tu ili tusiaibike. Ya saba, ya nane, ya tisa, hivyo hivyo. Tulirusha Jumamosi moja kila mwezi, kwa hiyo haya yalienda miezi, na kila mara Fundi alituletea soda za kusherehekea, nami nilikunywa. Nilikuwa stadi kweli. Nadhani sijawahi kutua vizuri kama nilivyotua kwa jina la mtu mwingine.

Baada ya ile ya tisa, Ndinda alinifuata stooni.

"Mzee Kioko, nimeona kidole chako."

"Kidole gani?"

"Kile kinaachia." Akakunja mikono. "Ngapi?"

"Acha, Mwalimu. Ni mzee. Ni furaha kidogo tu, na waya uko."

"Waya uko mpaka ya kumi," akasema, akatoka.

Ya kumi ikafika, nikatua, tukanywa soda. Hapo mambo yangebaki matamu kama si shule tano za sehemu hii kuomba kuleta watoto waone jeti. Jaswant akakubali kabla hawajamaliza kuomba. Ijumaa mchana, siku moja kabla, mimi na Ndinda tulikuwa kiwanjani tukifunga kamba ya kuwaweka watoto nyuma. Fundi alikuja na pick-up yake, akashusha ndege, kisha akauchukua ule waya, akauzungusha vizuri, akanipa.

"Huu peleka stoo. Sheria inasema kumi, na kumi zimeisha. Kesho narusha mimi peke yangu."

Niliushika ule waya. Nilitazama kamba. Watoto mia kadhaa wangeketi nyuma yake, na kamba haizuii kitu ila mbuzi wavivu. Niliona kabisa ile kona ya mwisho, ndege inakuja, yeye anaona inaenda, lita tatu za mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyekuwa nimemhakikishia mara saba kwamba anaweza.

Ndinda aliiacha kamba. Aliingia stooni, akatoka na ile mbao ya fimbo, akaanza kutembea kuelekea upande wa pili wa kiwanja. Ni mwendo mrefu.

"Huyu anaenda wapi?" Jaswant akauliza.

"Fundi, simama kwa mstari."

"Mimi?"

"Wewe, Fundi. Tafadhali."

Alicheka. Kisha akasimama, akivuta kilemba kidogo mbele. Ndinda akainua mbao.

"Inakuja," Jaswant akasema. Ilikuwa inaenda. Ya pili akapata. Ya tatu akakosa. Ya nne akakaa muda mrefu, akakosa. Ya tano alibahatisha, nilimsikia akibahatisha, akapata.

"Ni jua," akasema.

"Jua liko mgongoni mwetu, Fundi."

"Basi ni mkono wa huyu mwalimu. Anatikisa. Jumamosi iliyopita nimetua kama malaika, nawe ulikuwa hapa!"

"Si wewe uliyetua."

Alinigeukia. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Makueni mnajua ilivyo ngumu.

"Ni nani basi?"

"Ni mimi. Niliachia swichi."

"Na ile ya mwezi uliopita?"

"Hiyo pia."

"Ngapi, Kioko?"

"Saba."

Alirudia ile namba kwa Kikamba, polepole. Kisha akasema, "Na mimi nikawaletea soda."

Nilianza kusema kwamba nilimheshimu, kwamba sikutaka kumwumiza, akanikata kwa mkono.

"Ungeniambia nimeshindwa, ningelia siku mbili nikanywa chai yangu kama wengine. Nimewamiminia watu chai hapa miaka mingapi? Wewe umenifanya kichekesho mbele ya ndege yangu mwenyewe. Mtihani ningekubali, Kioko. Huruma yako mimi sikuomba."

Ndinda alikuwa amerudi, amesimama kando na fimbo yake. Jaswant akamgeukia, na sauti yake ikatulia kwa kujilazimisha.

"Mwalimu, kesho utairusha wewe. Kona ya mwisho ianze mapema, inateleza sana. Na huyu asikushikie waya."

Kesho yake Ndinda aliirusha, watoto wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, akatua katikati kabisa. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo hakuna aliyeandika ripoti. Lakini narudi Ijumaa ile, kwa sababu haikuishia hapo.

Jaswant aliipangusa ndege vumbi, akaiacha mezani, akaingia kwenye pick-up. Nikasikia injini ikiwaka. Nilisimama nikijipongeza kidogo, nakiri, nikiona nimefanya jambo gumu na limekwisha. Pick-up ikaanza kurudi nyuma kuelekea lango, na zaidi ya lango ni barabara ya Mombasa na malori yake. Ndipo akili yangu, iliyochelewa kuliko turbini yoyote, ikafika. Nilikuwa nimemnyang'anya ndege ya kilo kumi na tatu kwa sababu haoni, nikamwacha aende barabarani na gari la zaidi ya tani moja.

Nilikimbia. Nilipiga bodi kwa kiganja mpaka akasimama.

"Nini tena?"

"Fundi, ufunguo."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta uso wangu ulipo. Kisha akazima injini, akashuka, akazunguka kwa kushikilia boneti, akaketi upande wa abiria wa gari lake mwenyewe. Niliendesha. Tuliingia barabarani, lori likapita, jingine likapita, yeye mikono juu ya magoti. Tulipokaribia mjini, karibu na gereji, akasema bila kunitazama.

"Kila asubuhi, Kioko, pick-up hii ndiyo inampeleka mjukuu wangu shule. Mimi nakaa hapo ulipo, yeye anakaa hapa nilipo. Anapenda dirisha." Akagusa kioo. "Tangu safari ya nne ni zaidi ya miezi sita. Na wewe ulikuwa unajua."

Nilikuwa najua. Hilo ndilo nililotaka kuwaandikia. Mengine yote yako kwenye kile kijitabu kinachokuja na turbini, na kimeandikwa vizuri kuliko hapa.